Umekagua au Umeangalia? Maisha ya Bi Kagua wa Nyumba ya Mapigo

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na nyinyi watoto wa Nyumba ya Mapigo mliokaa pale mbele mkibanana: mara nyingi anayesoma wasifu huanza kwa kusema marehemu alikuwa mcheshi, mpole na mtu wa watu. Dada yetu angekuwa amesimama hapa angeuliza kwanza kama hiki kipaza sauti kimekazwa vizuri, halafu angetaka kujua kaburi limepimwa na nani. Kwa hiyo tuseme ukweli tangu mwanzo. Marehemu alikuwa mtu wa wasiwasi. Alisoma kwa wasiwasi, akafundisha kwa wasiwasi, akapenda kwa wasiwasi, na kwa wasiwasi huohuo akatujengea nyumba ambayo watoto wetu wanaingia wazima na kutoka wazima. Aliyeandika maneno haya ni mdogo wake wa kike, ambaye utotoni alilala naye kitanda kimoja na anajua komeo la mlango liliguswa mara ngapi kabla ya taa kuzimwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1953, mtoto wa kwanza wa fundi wa karakana ya reli na mshonaji wa nguo. Familia ilikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, mstari wa pili kutoka relini, chumba na sebule. Treni ya mchana ikipita, vikombe vilicheza kabatini. Baba alizoea, mama alizoea, hata paka alizoea. Dada hakuzoea. Aliacha chochote alichokuwa nacho, akakimbilia kabati na kuvikumbatia vikombe kwa mikono miwili mpaka behewa la mwisho lipite. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, vikombe hivi vimekuwepo kabla yako." Naye alijibu, "Ndiyo maana vimechoka, mama."

Alipokuwa na umri wa miaka sita, mnyororo wa kuinulia mizigo ulikatika kule karakanani, na baba yetu akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alirudishwa nyumbani na bandeji nene kama mto wa mtoto. Watu wazima walikuwa wakilia na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Binti yake akamsogelea, akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyethubutu kuliuliza: "Baba, hukuona kwamba mnyororo umelika?" Baba akasema, "Niliuangalia, mwanangu. Sikuukagua." Mtoto akataka kujua tofauti. Baba akaagiza kijiko cha zamani, kile cha kukwangulia masufuria, akaushika mkono wa bintiye na kuupitisha ukucha wake ukingoni. Jicho halikuona kitu. Ukucha ulikwama. Baba akamwambia, "Umeona? Kuangalia ni kazi ya macho, na macho ni mavivu. Kukagua ni kazi ya mkono."

Tangu siku ile, jamani, nyumba nzima haikupata raha. Alikagua jiko, alikagua ndoo ya maji, alikagua vifungo vya sare yetu kila asubuhi mpaka vingine vikang'oka kwa kukaguliwa. Usiku, mdogo wake akiwa amesinzia kabisa, alisikia sauti gizani ikiuliza, "Komeo umelikagua au umeliangalia?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1975 katika fizikia na hisabati. Kule sekondari alitolewa kwenye kwaya. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri; lakini kila mara alisubiri awe na hakika kwamba ni zamu yao kuanza, na akishapata hakika wenzake walikuwa wamefika ubeti wa pili. Jambo hilo lilimuuma miaka mingi, na wengi wenu hamkulijua. Alipenda muziki kuliko alivyokubali kusema. Fizikia ilimpokea vizuri zaidi, kwa sababu lilikuwa somo la kwanza lililomruhusu kuwa na wasiwasi kwa maksi. Mtihani wa vitendo alimaliza wa mwisho: alipima kila kitu mara mbili, na mara ya tatu ili kuamua kati ya zile mbili.

Januari 1976 alipangiwa shule ya sekondari ya kutwa, ile yenye maabara iliyopakana ukuta na kibanda cha fundi ngoma. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Kila alipoiweka mizani ikatulia, kule upande wa pili mtu alipiga ngoma kuijaribu, na sindano ya mizani ikaanza kucheza. Alivumilia, kisha akatoka na koti lake jeupe akaenda kugonga mlango.

"Fundi, ngoma zako zinatikisa mizani yangu."

"Mwalimu, mimi napiga ngoma. Sipigi mizani."

Dada akarudi maabara. Kesho yake alirudi na pakiti ya chumvi, akainyunyiza juu ya ngoma mpya iliyokuwa mezani. Fundi akashangaa: "Loo! Unaitia chumvi? Unataka kuila?" Dada akasema, "Piga." Fundi akapiga, akapiga tena. Chumvi ikarukaruka na kutawanyika, kisha ikajikusanya nene upande mmoja, upande mwingine ukabaki ngozi tupu. Dada akasema, "Upande huu umelegea. Mlio haufiki." Fundi akainama, akagonga ukingo kwa kidole polepole kuuzunguka wote, akisikiliza. Akasema, "Nilikuwa nasikia inanung'unika. Nilikuwa sijui inanung'unikia wapi." Akaikaza pale, akapiga, na wote wawili wakaisikiliza mpaka ilipoisha kulia.

Baada ya hapo hakuna ngoma iliyotoka kibandani bila kupita maabara kutiwa chumvi, na wanafunzi wakaanza kuona kwamba fundi anatengeneza ngoma nyingi kuliko wateja alionao. Fundi alipomwambia kwamba anataka wafunge ndoa, dada aliomba wiki mbili za kufikiri. Akachukua miezi minane. Siku alipokubali, Fundi alimuuliza jambo moja tu: "Umekagua, Mwalimu, au umeangalia?" Akajibu, "Nimekagua." Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980. Mpaka mwisho yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe alimwita Mwalimu, na hakuna siku waliyoitana jina jingine mbele za watu. Mwaka 1983 walijaliwa binti yao wa pekee, ambaye leo ni nesi, na ambaye kazi ya kupima watu mapigo hakuichagua kwa bahati.

Kuhusu Fundi mna jambo moja la kujua sasa, maana mbele litahitajika. Shemeji yetu anaogopa kupanda juu. Alianguka kutoka paa la nyumba ya mjomba wake akiwa mtoto, na tangu hapo hata taa ikiungua ndani aliita jirani. Baada ya ndoa, dada alipanda yeye. Ngazi ya nyumba ile ilikuwa ya dada.

Wazo la Nyumba ya Mapigo lilianzia kwenye ile chumvi. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi, maabara ilijaa watoto waliokuja kupiga ngoma na kuona mlio unavyoonekana. Baadaye wakaja wachoraji, wakaangalia jani kwenye hadubini na kulichora kubwa ukutani. Akaja mtia rangi vitambaa, akataka kujua kwa nini rangi yake ya buluu inatoka ikifuliwa. Maabara haikutosha. Alipostaafu mwaka 2008, dada na Fundi wakaanza kulifuatilia lile jengo la kiwanda cha barafu, lililokuwa limefungwa na kukaa tupu, ukumbi mmoja mkubwa mrefu kwenda juu, wenye boriti ya chuma na kulabu iliyokuwa ikitumika kuinulia mabonge ya barafu.

Mkitaka kujua nywele zake zilianza kuwa nyeupe lini, ni hapo. Ofisi ya utamaduni ilisema, "Hili lenu lina sayansi ndani, nendeni elimu." Ofisi ya elimu ikasema, "Hili lina ngoma, nendeni utamaduni." Ofisi hizo zilikuwa zinatazamana, upana wa korido tu katikati, na dada aliikanyaga ile korido mpaka mlinzi akamzoea na kumwekea kiti. Mkuu mmoja akamshauri kwa nia njema wajenge ukuta katikati, sanaa huku na sayansi kule, kila ofisi isimamie upande wake. Dada akamuuliza, "Na ngoma yenye chumvi juu yake, niiweke upande gani?" Yule mkuu akafikiri, akacheka, akaweka sahihi. Lakini mkaguzi wa majengo alipomaliza kulizunguka jengo, alisema neno moja ambalo dada hakulisahau mpaka anakufa: "Nawaruhusu. Ila siku mtu akiumia humu ndani, tunafunga."

Fundi alisikia "nawaruhusu." Dada alisikia "tunafunga." Ndivyo walivyoishi kuanzia siku hiyo.

Jina lilitoka kwa Fundi. Alisema ngoma ina mapigo, moyo una mapigo, na ile timazi aliyotaka Mwalimu kuitundika nayo ina mapigo yake. Dada akapenda. Hakuna aliyefikiria jirani atasikiaje. Wiki ya kwanza baada ya kibao kuwekwa mlangoni, mama mmoja alimleta mwanawe amemshika sikio, akasema, "Huyu amenishinda. Mpigeni nyinyi." Ilibidi akalishwe, apewe maji na kuelezwa. Yule mtoto aliyeletwa kupigwa ndiye leo anayeongoza kikundi cha tarumbeta, na yuko hapa.

Sasa timazi. Wote mnaifahamu, lakini kwa wageni: ni tufe la chuma lenye uzito wa mtoto wa darasa la pili, linaning'inia kwa waya mrefu kutoka kwenye ile kulabu ya barafu, linabembea polepole katikati ya ukumbi. Dada aliitaka ili watoto waone kwamba mtu anaweza kukaa na kuutazama muda. Fundi akaitaka kwa sababu yake: aliwafundisha wapiga ngoma na waimbaji kufuata mwendo wake, asihitaji kusimama mbele na kupunga mikono. Kwa siku ya ufunguzi, tarehe 21 Agosti 2010, alitunga wimbo wa kukaribisha wageni, mzito, wa taratibu, na wakaufanyia mazoezi miezi mitatu macho yao yakiwa kwenye tufe.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, dada alikaa kwenye kiti cha mbele, akaona tufe linapita karibu mno na mahali watakapokaa watoto. Wasiwasi ukampanda. Akachukua ngazi na kapi ya kuvutia mizigo, akafupisha waya karibu nusu, tufe likapanda juu mahali ambapo mkono wa mtoto usingelifikia. Akakagua, akaridhika, akaenda kulala. Hakumwambia mtu. Kwake yeye alikuwa amesogeza hatari, basi.

Wanafizikia mliopo mmeshaanza kucheka. Wengine ngojeni kidogo. Waya ukifupishwa, timazi inakwenda haraka. Asubuhi mgeni rasmi akaingia na msafara wake, mzee mwenye fimbo, tufe likaachiwa, na wapiga ngoma, watiifu kama walivyofundishwa, wakalifuata. Ule wimbo mzito ukatoka mbio kama watu wanaowahi basi. Waimbaji wakahema. Mgeni rasmi, aliyeambiwa atembee kwa mapigo ya ngoma, akaanza kwa heshima, akaongeza hatua, akafika jukwaani nusu anakimbia na fimbo iko kwapani. Watu walishangilia sana wakidhani ndivyo ulivyotungwa.

Nyuma ya jukwaa Fundi alimdaka mkewe. "Mwalimu! Nani amenifupishia wimbo?"

"Hakuna aliyegusa wimbo wako. Nimefupisha waya."

"Ndiyo nakuuliza, kwa nini umenifupishia wimbo!"

Dada akageuka kulitazama tufe. Akasema taratibu, "Fundi, ni kitu kimoja." Wakatazamana, na mdogo wake aliyekuwa amebeba sinia la soda hapo karibu aliwaona wote wawili wakianza kucheka mpaka wakashikana mabega. Kuanzia siku ile ikawa sheria ya nyumba: hakuna kugusa waya bila kuwaambia wapiga ngoma, na hakuna kubadili mwendo wa ngoma bila kuwaambia maabara. Waliotaka kujua maana ya kuchanganya sanaa na sayansi, dada hakuwapa hotuba. Aliwasimulia mbio za mgeni rasmi.

Waya ulirudishwa urefu wake na viti vikasogezwa nyuma. Lakini wasiwasi ulibaki pale juu, kwenye kulabu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, wanaume wanne waliinua tufe na kulikalisha juu ya meza ili waya ulegee, dada akapanda ngazi, akaingiza mkono chini ya pete ambako jicho halifiki, akapitisha ukucha ndani ya kulabu. Akishuka alisema, "Bado nzima," na hapo ndipo chai ilipomiminwa. Alifanya hivyo miaka kumi na tatu. Hakumwachia mtu. Tulimtania, tukamwita Bi Kagua, watoto wakamtungia wimbo. Alikuwa akicheka nasi, halafu anauliza nani amekagua nyaya za taa za jukwaa.

Tuseme pia lile ambalo yeye mwenyewe alilijua. Wasiwasi wake ulimchosha. Hakuwahi kukaa kwenye onyesho akaliona lote. Alikuwa anaangalia juu. Mwaka mmoja watoto walimwandalia mchezo wa siku yake ya kuzaliwa, na mchezo ulipoisha alikuwa ameuona robo tu, kwa sababu alisikia mlio fulani kwenye boriti. Ulikuwa mjusi.

Novemba 2023, akiwa juu ya ngazi, kizunguzungu kilimshika. Alishuka mwenyewe, akakaa kwenye kipandio cha chini, akamwambia binti yake amshike mkono. Nesi aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mama yake, akahesabu, akaanza kuhesabu upya. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanasita, yanakimbia tena. Hospitali ilithibitisha kwamba ni moyo, na kwamba umechoka. Daktari alimpa dawa, akampiga marufuku kupanda ngazi, akamwambia apunguze wasiwasi. Dada akamuuliza, "Nipunguze kwa dozi gani?" Daktari alicheka. Yeye hakucheka.

Januari alilazwa, akarudishwa nyumbani, akawa wa kitandani. Hapo ndipo sote tulipojua wasiwasi ni nini, kwa sababu ulikuwa hauna tena ngazi ya kupandia. Maonyesho ya watoto yalipangwa Jumamosi ya tarehe 24 Februari, na wangecheza kuizunguka timazi. Kila aliyeingia chumbani, kabla hajaketi, aliulizwa: "Nani amekagua kulabu?" Mwalimu kijana wa maabara, mtu mwema sana, akasema amepanda na iko sawa.

"Umekagua au umeangalia?"

"Nimekagua, Mwalimu."

"Uligusa wapi?"

Kijana akatazama miguu yake. Kesho yake akapanda tena, akaja akasema ameigusa, kote. Dada akavishika vidole vyake akavinusa. "Huna hata harufu ya grisi. Ulivaa glavu?" Alikuwa amevaa glavu. Kijana alipoondoka, dada alimwambia mdogo wake kwa sauti ndogo, "Mkimrudisha mara ya tatu atagusa ili anifurahishe. Haitasaidia." Akaomba waishushe timazi kabisa. Halafu akakumbuka kwamba kuishusha nako ni kupanda ngazi ileile na kuuamini mkono uleule, akaanza kulia. Mdogo wake hakuwahi kumwona akilia tangu vidole vya baba. Alisema, "Mtoto akiumia pale watafunga. Miaka yote hii, watafunga kwa sababu nimelala."

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia mkononi. Akasema, "Nitapanda mimi."

Dada akamwambia, "Acha utani."

Jumatatu ya tarehe 19 tulikusanyika ukumbini, na hakuna aliyekunywa chai. Tufe likakalishwa mezani. Fundi aliishika ngazi, akapanda kipandio cha kwanza, akabaki hapohapo jasho likimtoka. Tulidhani basi. Kisha bila kugeuka akawaambia wapiga ngoma wake, "Nipigieni ule wa kukaribisha wageni. Taratibu, kama nilivyoutunga. Mkikimbia naanguka." Wakaanza. Kwa kila pigo akapandisha mguu mmoja. Macho aliyafumba karibu njia yote, na pengine ndiyo maana alifaulu, kwa sababu kazi ile haikuhitaji macho. Alipofika juu akakumbatia boriti kwa mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia chini ya pete. Ngoma zikanyamaza. Tukasikia anapumua.

Halafu akapiga kelele: "Umekwama! Ukucha umekwama!"

Ilikuwa kweli. Upande wa ndani wa kulabu palikuwa na mfereji mwembamba uliolika, mahali ambapo kijana wa watu asingeuona hata angepanda na tochi kumi. Mwalimu wa maabara alikaa chini akashika kichwa. Siku hiyohiyo mhunzi alifua kulabu mpya, ikafungwa, Fundi akapanda tena kuikagua, naye sasa alijua namna.

Mchana wake aliiweka ile ya zamani kwenye kiganja cha mkewe. Dada hakuuliza ni nini. Alifumba macho, akapitisha ukucha ndani ya mpindo, ukasimama. Akaushikilia hapo, akauliza:

"Nani aliyekagua?"

"Mimi."

"Ulipanda?"

"Nilipanda, na nikashuka, ndiyo maana unaniona."

Dada akacheka mpaka nesi akaja kumkataza. Kisha akasema, "Na Jumatatu ijayo?" Fundi akasema, "Na Jumatatu ijayo." Akasema, "Na nyingine?" Fundi akasema, "Mwalimu, Jumatatu zote." Dada akageuka upande wake wa kulalia, akalala usingizi mzito mchana kweupe. Mdogo wake hakuwahi kumwona akilala hivyo, wala mama yetu, naamini.

Siku ya maonyesho alisikiliza kwa simu iliyowekwa pembezoni mwa jukwaa. Ngoma zilipoanza alisikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akatuambia, "Waya haujaguswa." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu atolewe kwenye kwaya, akaimba, na alianza pamoja na wengine.

Jumatatu ya tarehe 26 Fundi alipanda. Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa za mchana, nyumbani kwake, mapigo ya dada yetu yalipungua taratibu yakasimama, binti yake akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Kesho yake nyumba ilikuwa imejaa watu wa kutoa pole. Asubuhi Fundi aliinuka kwenye mkeka, akavaa viatu, akaelekea mlangoni. Watu wakadhani uchungu umemzidi. Mmoja akamshika bega: "Fundi, leo? Unakwenda wapi?" Akajibu, "Leo ni Jumatatu," akaenda. Wapiga ngoma wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, maana walijua hawezi kupanda bila wao.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike anayewasomea haya, walimu wenzake, wanafunzi wa miaka thelathini na miwili, na watoto wa Nyumba ya Mapigo, ambao kuanzia wiki ijayo watafundishwa kupanda ngazi na kutumia ukucha, kila mmoja kwa zamu yake.

Dada, uliuliza maisha yako yote, leo tunakujibu hadharani. Imekaguliwa, kwa mkono, na bado ni nzima. Pumzika kwa amani. Ngazi sasa ni yetu.